Kipimo cha Bolti Kavu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na wapwa zangu wote. Goti linaendeleaje? Nakujua, ukiambiwa pumzika ndipo unapodeki nyumba nzima. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hauna raha.

Asante kwa kuja kuniaga nilipostaafu. Miaka thelathini na minne ya kuchora injini za ndege, mkurugenzi aliimaliza kwa dakika kumi, akasema kalamu yangu haijawahi kukosea. Shemeji alikaa nyuma kabisa, ndani ya karakana ileile iliyomfukuza, akapiga makofi kuliko wote. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Tangu siku ile chakula hakipiti. Mke wangu anasema wastaafu wote huwa hivyo, nitazoea. Nami nikamwacha aamini hivyo, kama kawaida yangu.

Unakumbuka kisa chenyewe, ni miaka kumi na tisa sasa. Injini ilikuwa kwenye majaribio, bolti zikakatika, ikang'oka. Bahati hakuna aliyeumia. Wakasema fundi alikaza kupita kiasi, na tangu hapo shemeji anatengeneza pampu za maji uani kwenu. Wewe mwenyewe ulimwambia mbele yangu kwamba uzembe wake umewaponza watoto. Hakubisha.

Dada, hakukosea. Bolti iliyopakwa mafuta hukazwa kwa nguvu ndogo kuliko bolti kavu, la sivyo hukatika. Kipimo nilichoandika kwenye mchoro kilikuwa cha bolti kavu. Asubuhi ile alipanda ofisini kuniuliza kama azipake mafuta, nami bila hata kuinua macho nikamwambia apake. Baada ya ajali nilibadilisha ule ukurasa wa mchoro, nikaandika kipimo kidogo cha bolti zenye mafuta, kabla kamati ya uchunguzi haijauomba. Walipomuuliza kipimo kile alikitoa wapi, alinitazama, akasema huenda alisoma vibaya. Alijua. Nadhani hakutaka kukuvunjia udugu. Mimi nikatazama meza, na mwaka uliofuata nikapandishwa cheo.

Jana nilimpelekea mkurugenzi ule ukurasa wa awali, niliouficha miaka yote hii, pamoja na barua ya kukiri. Watakaloamua ni haki yao. Jumamosi nitakuja kumwomba shemeji radhi. Nikikuta mlango umefungwa, nitaelewa.

Msomee barua hii yote, usiruke neno. Wapwa zangu wasalimie, na uwaambie baba yao alisoma sawasawa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye aibu.