Dakika Ishirini Juu ya Ngoma ya Donatus

S.L.P. 41,
Kagongwa, Kahama.
27 Julai 1984

Mpendwa Mjomba Ansgar,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, Mama Clemens na watoto. Miguu yako haijambo? Naiulizia kwa sababu ambayo Mama haijui.

Sisi hapa wazima kwa kadiri. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata jua linakubali. Pamba tumemaliza kuchuma, imejaa chumbani mpaka mdogo wangu Otmar analala juu yake. Sabuni imepatikana wiki hii, kipande kimoja kila kaya, sukari bado. Betri za redio zilifika, Baba anakushukuru sana.

Sasa Mjomba, nina jambo la kuungama. Kwa padri nimeshindwa, maana padri anataka nijute, na mimi sijuti.

Barua yako ya mwezi wa tano ilikuwa na kurasa mbili. Ule wa Kiswahili niliusoma mbele ya wote. Wa pili ulikuwa wa Kiingereza, na juu yake uliniomba nisimsomee Mama, dada yako, asije akafa kwa presha. Mama aliponiuliza unasema nini, nilimjibu ni habari za mvua na bei ya mahindi. Hiyo dhambi ya kwanza, na uliniagiza wewe.

Niliusoma na kamusi pembeni. Uliandika kwamba Sabasaba, saa tisa alasiri, utaruka kutoka kwenye ndege ya jeshi upande wa Isaka. Wenzako huanguka kama mawe na kufungua mwavuli karibu na ardhi, lakini wewe umeruhusiwa kuufungua hukohuko juu, mara tu ukitoka mlangoni, ili upepo ukuchukue polepole juu ya Kagongwa hadi Kahama kwenye wageni wa sherehe. Dakika ishirini hewani. Ulisema hakuna raha kama hiyo, kuiona reli, mbuga na makundi ya ng'ombe kama punje za mchele zilizomwagika. Mimi sikuiwaza raha. Nilimwaza Donatus.

Kwenu Ushirombo hamchezi ngoma kama sisi, kwa hiyo nikueleze. Huku baada ya mavuno, siku ya Sabasaba, vikundi viwili hupiga ngoma uwanja mmoja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna mwamuzi. Watu wakihama kwako wakaenda kwa mwenzako, umeshindwa, na mwaka mzima utasikia nyimbo. Baba ndiye kiongozi wa kikundi chetu, na mpinzani wake ni Donatus.

Mwaka jana, kabla ya ngoma, mwenyekiti wa kijiji alitaka nisome risala mbele ya wageni, Kiswahili kisha Kiingereza. Unanijua mimi. Nilisimama, sauti haikutoka. Nilisimama hivyo hivyo mpaka mtu akanishika mkono akaniondoa. Donatus alikuwepo. Hata ngoma haijaanza kuchemka alikuwa keshatunga:

Maige kalisha ndama lugha mbili,
ndama kashiba, hajui kulia!

Uwanja wote ulihamia kwake kucheka. Baba alibaki na wapiga ngoma wake na mbwa mmoja. Watoto kisimani waliuimba, na muhula ulipofunguliwa nikaukuta bwenini, umenitangulia. Baba hakunilaumu hata neno moja. Angenichapa ningelala.

Mwaka huu nikasikia kwamba Donatus amechongesha sanamu la mti, msichana mwenye sketi ya bluu na blauzi nyeupe, na mdomoni kufuli la kweli. Mtu akivuta kamba, kichwa kinatikisika. Ataliinua Sabasaba.

Siku mbili kabla nilimfuata Baba zizini.

“Baba, Sabasaba ikifika saa tisa simamisha ngoma. Nyoosha usinga upande wa Isaka, uite.”

“Nimwite nani?”

“Ita tu.”

“Bhebhe, wewe Limi! Umejifunza uganga huko shuleni?”

“Nimesoma, Baba.”

Sikumdanganya. Ila nilijua kwa Baba, ambaye hakupita shule, neno hilo lina uzito zaidi ya kiapo. Akarudi kwa ng'ombe wake.

Mjomba, ndege yenu ilichelewa! Saa tisa kamili Baba alinyamazisha ngoma, akanyoosha usinga, akaita. Mbingu tupu. Akaita tena. Upande wa pili wakaanza: “Maige anaomba mvua mwezi wa saba!” Mwingine: “Mwacheni mzee, anafukuza nzi!” Donatus akaona saa yake imefika, akaliinua sanamu. Kichwa kikatikisika, kufuli likagonga mti, ko, ko, ko, na watu wakaanza kuhama mbio. Wengine walinipita wakinionyesha kidole. Baba alinitafuta kwa macho. Sikuwa na pa kuangalia ila juu.

Ndipo nikakuona. Kwanza kama chembe ya vumbi jichoni, halafu rangi, nyekundu na nyeupe.

Mtoto fulani alipiga kelele, “Godoro! Godoro linatembea!” Shingo zote zikageuka. Mama mmoja akasema lina mtu, mwingine akasema mtu gani, wa tatu akaanza kukimbia na hajui anakimbilia wapi. Miguu yako ilikuwa kama njiti mbili za kiberiti.

Na Baba, Mjomba! Hakushtuka. Mkono wake ulikuwa bado umenyooka, akaanza kuuzungusha taratibu kutoka mashariki kwenda magharibi, kama mtu anayevuta maksai kwa kamba. Ulipokwenda kushoto, akaenda kushoto. Uliponing'inia pale pale, akatulia. Watu wakamwona. Uwanja mzima ukaja kusimama nyuma yake, maana ndiye aliyeshika kamba.

Ungeanguka kama wenzako, wangekutazama dakika mbili wakarudi kulicheka sanamu. Wewe ulikaa. Ulikaa mpaka shingo zikauma, mpaka wazee wakaketi chini ili wakutazame vizuri. Donatus alipiga kelele, “Pigeni! Pigeni ngoma!” na wapigaji wake wameshika fimbo hewani, vinywa wazi. Hata yule wa kuvuta kamba alitoka kuchungulia, sanamu likabaki limeinamisha kichwa mbele ya uwanja usio na mtu. Mwisho Donatus mwenyewe akainua uso. Mimi sikukutazama tena, Mjomba, nisamehe. Nilimtazama yeye. Kila dakika uliyokaa juu niliiona ikimshukia usoni, na nilitamani upepo ufe usifike Kahama kabisa.

Kitu kimoja tu kiliniuma. Mama alikuwa kando yangu, ameuma kanga. “Mtoto wa watu huyo,” akasema, “mama yake yuko wapi wakamwacha apande huko?” Akatoa rozari, akakusalia bila kukujua mpaka ulipopotea nyuma ya miti. Nami nikanyamaza.

Jioni nilimwambia Baba ukweli. Alicheka mpaka akakaa chini. “Kumbe ng'ombe niliotoa kwa dada yake,” akasema, “leo shemeji amenirudishia wote!” Ameahidi kutomwambia Mama.

Ningeweza kuishia hapo. Sikuishia.

Wiki moja baadaye Donatus alikuja nyumbani, kofia mkononi, kuku kwapani. Alizunguka sana na habari za pamba. Mwisho akasema, “Maige mwenzangu, ile dawa yako ya mvuto...”

“Si yangu,” Baba akajibu, akanyoosha kidevu kwangu. “Mwenye nayo huyo.”

Donatus akanigeukia. “Mwanangu Limi,” akaniita, mwanangu! “Yalikuwa maneno gani yaliyomwita yule mtu?”

Mara hii sauti haikunikimbia. Nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti, ukweli wote: mjomba wangu ni askari, alirushwa na ndege, na hakuna aliyemwita. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akajaribu, nikamsahihisha, kama walimu wanavyotusahihisha sisi, hata akayameza yote. Alinishukuru kwa mikono miwili. Kuku tumemla.

Jumapili iliyopita alialikwa kucheza Isaka. Nilimwomba Baba tukatazame. Watu walikuwa wengi kuliko Sabasaba, maana alikuwa ametangaza. Akanyamazisha ngoma, akanyoosha usinga, akapaza sauti kwa Kiingereza, neno kwa neno, hakukosea hata moja. Mbingu safi, hata mwewe hakuna. Akarudia kwa nguvu zaidi. Mtu akapiga kelele, “Donatus, huko juu hawajafungua duka!” Mara ya tatu akawa anatoka jasho, na hapo wavulana wa sekondari waliokuwa mbele wakaanza kugaagaa chini kwa kicheko.

“Anasema nini?” watu wakawauliza.

“Anasema mjomba wake ni askari, na hakuna aliyemwita!”

“Mjomba wake yupi? Yule mchunga punda?”

Basi. Uwanja wote ulimwagikia upande wa pili. Alishusha usinga, akageuka, akaniona. Nilidhani nitainamisha uso kama nilivyozoea. Sikuinamisha. Hawezi kunishitaki kokote, kwani itabidi aseme alikuja kujifunza kwa nani. Sasa akienda dukani anazunguka kwa njia ya mbali ili asipite kwetu, na sanamu nasikia mkewe Esta amelipasua kuni.

Juzi nimekutana na Esta kisimani. Hakunisalimu, ndoo yake nikamtwika, tukaachana. Usiku ule nililala vibaya kidogo. Kidogo tu, Mjomba. Wanasema mumewe ataacha ngoma, atakwenda Geita kuchimba dhahabu. Aende. Huko kazi yao ni kutazama chini.

Msalimie Mama Clemens, mwambie kitambaa cha meza nimekifuma nusu. Wasalimie Clemens na Salvina. Ukimwandikia Bibi Tereza Ushirombo, mwambie tutakuja Desemba tukijaliwa. Baba anakusalimu kwa kicheko, Otmar anaomba mpira, na Mama anakukumbusha ule vizuri na usipande juu ya miti.

Mungu akushike kila utokapo mlangoni mwa ndege, akupe upepo mpole na mahali laini pa kukanyaga. Na ukipata likizo, njoo kwa basi, ukae na dada yako, umwambie mwenyewe alimsalia nani siku ile. Mimi nimenyamaza kwa ajili yenu wote wawili, na sasa nimechoka kunyamaza.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Limi Maige