Kilo Moja ya Mvuke

Jumatatu, 6 Julai 1953
Baridi kali. Kuni mbichi, moshi tele. Leo tumewasha chungu kipya cha chuma, cha mvuke, cha kuchemshia vyombo vya tiba na vitambaa vya vidonda. Cha zamani, cha Wajerumani, geji yake ilikuwa ya kilo. Hiki cha serikali kinasoma ratili. Sista, muuguzi wetu mkuu, yuko likizo Ulaya, lakini sheria yake tunaijua: mvuke ufike kilo moja. Yohana, mwoshaji wetu, akauliza sasa tufuate namba ipi. Nikamcheka. Kilo moja ni ratili mbili na kidogo, hata muuza viazi anajua. Nimetia alama nyekundu hapo. Mimi ndiye mganga msaidizi hapa misheni, na shule nimesoma.
Mvuke unafika alama upesi. Kuni kidogo tu. Nimejisifu kwa mchungaji.

Jumamosi, 11 Julai
Mama Tumaini wa Kichiwa kaletwa kwa machela. Jembe limempasua mguu. Nimemshona vizuri sana. Mumewe kaleta kuku.

Alhamisi, 16 Julai
Mguu wa Mama Tumaini umevimba. Usaha. Mzee niliyemtumbua jipu, vilevile. Harufu inanifuata hadi mezani.

Ijumaa, 17 Julai
Nimemwita Yohana mbele ya wagonjwa, nikamwambia mikono yake michafu ndiyo inayoozesha watu.
“Nanawa, Bwana Mganga. Kila mara.”
Nikamwambia asinibishie. Nimemrudisha kwao Mahongole. Kaondoka na blanketi lake begani.

Jumanne, 21 Julai
Yohana hayupo na vidonda vinazidi. Vyombo naosha mwenyewe. Labda ni maji. Sitaki kufikiri zaidi ya hapo.

Alhamisi, 23 Julai. Makambako
Nimefuata dawa kwa lori. Pancha, pale Lyamkena. Dereva akapampu, mimi nikashika geji. Geji yake ina maduara mawili ya namba: nje ratili, ndani kilo. Mshale ulipogusa kilo moja, nje ulisoma kumi na nne. Nikadhani macho yangu yananidanganya.
“Bwana Mganga, mbona umeachia?”
Nilichuchumaa nikachora miraba vumbini. Kilo ile inakandamiza sentimita moja ya mraba. Ratili inakandamiza inchi ya mraba, na humo sentimita za mraba zinaingia sita na nusu hivi. Kila moja ina kilo yake. Kilo sita na nusu, basi: ratili kumi na nne. Mimi niligeuza uzito tu, kama viazi, nikasahau mahali unapokandamizia. Chungu changu kilikuwa kikichemka kama birika la chai, vijidudu havifi.
Najichukia. Mahongole ni hapo karibu. Sikwenda. Niliona haya.

Ijumaa, 24 Julai
Alama mpya, kumi na nne. Chungu kinanguruma, kuni zinakwisha. Daktari kaja kutoka Njombe, kamkata Mama Tumaini vidole viwili vya mguu. Beseni nilishika mimi. Nilimweleza daktari yote. Akaniambia nikamwage beseni. Afadhali angefoka.
Mama Tumaini alipozinduka alinishukuru. Nikatoka nje.

Jumapili, 26 Julai
Sikungoja ibada. Nimepata lori hadi Mahongole. Mama yake Yohana akanisalimu, “Kamwene,” akaniwekea kigoda, kana kwamba sikumfanyia mtoto wake kitu. Sikukaa. Nilisema nimesimama, majirani wakisikia: kosa ni langu, la hesabu, mikono ya Yohana ilikuwa safi siku zote. Mama akalia.
“Mimi nilishaanza kuamini ni mikono yangu,” Yohana akasema.
Nikamwomba arudi kazini.

Jumatano, 29 Julai
Ukungu hadi saa nne. Wagonjwa niliwaambia kosa langu jana, kitanda kwa kitanda. Mguu wa Mama Tumaini unaanza kukauka. Alama ya zamani nimeikwangua, rangi haikutoka yote.
Yohana amerudi. Kanawa kwa sabuni, kasuuza, kanawa tena. Kabla ya kugusa vyombo akaninyooshea mikono niikague, kwanza juu, kisha viganja. Sikuwa nimemwambia afanye hivyo.