Kamba Wenye Manyoya Miguuni

3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na mdomo bado uko kazini. Mimi mzima, baridi tu.

Nina ombi, maana baba hapokei simu zangu tangu nilipokataa kurudi nyumbani. Lile bonge la udongo wa kijivu nililochukua kwenye shimo lake la matofali nimelipasua maabara. Hapo zamani palikuwa ziwa, kabla ya watu. Ndani ya bonge kuna mabaki ya wanyama wa jamii ya kamba, wadogo kama punje za ulezi. Kwingine hubaki magamba matupu. Hawa wana miguu, Shangazi, na miguuni wana manyoya!

Bonge limeisha. Nisipopata jingine, utafiti wangu unafungwa. Mwombe baba asiguse lile tabaka la kijivu mpaka chuo kiniruhusu kuja. Na tafadhali, usimwambie mtu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine juu yake. Mguu ule umepona, sasa unauma wa pili, nadhani imeambukizana. Jirani yetu muuza mabati amehamia kwa mwanamke mwingine, mkewe hajui, lakini hayo tuyaache.

Nilimfuata baba yako kwenye tanuri. Akacheka mpaka akakohoa. "Nisimamishe kazi kwa ajili ya kamba wasiolika?" Nikamwambia wana manyoya miguuni. "Hata mimi ninayo, mbona mimi haniandikii?" Lakini nilimwona akihamisha koleo lake upande wa pili, mbali na tabaka lako.

Siri yako iko salama. Nimemwambia fundi cherehani peke yake, na yule ni kaburi. Nilimwambia tu kwamba shimoni kuna kitu cha thamani, chuo kinakililia.

Shangazi yako

14 Machi

Mwanangu,

Sijui nianze na salamu au nianze na kilio. Kaburi limefukuka. Asubuhi mtaa mzima ulikuwa shimoni na majembe, wanatafuta dhahabu. Hata mke wa mwalimu mkuu, na sururu ya kuazima! Tabaka lako la kijivu wamelikanyaga likawa uji. Baba yako aliwatimua kwa matofali mabichi, moja likampata fundi cherehani mgongoni, na sikumwonea huruma.

Imebaki kona moja nyuma. Baba yako ameifunika magunia yaliyoloweshwa, kama anavyofunika matofali yasipasuke kwa jua. Akakata kipande, akakifunga kwa koti lake, akakipeleka mwenyewe kwa dereva wa basi. Kuandika hataki. Aliniuliza tu, "Huyo mtoto hulitaka bonge likiwa limelala au limesimama?" Nikasema limelala. Sijui kama nilipatia.

Shangazi yako

2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Pole na hekaheka. Kipande kimefika, kimelala, hakina ufa. Koti nimelifua.

Nimekipasua chote. Magamba yamejaa, miguu hakuna. Miguu hubaki pale tu ambapo maji ya chini yalikosa hewa, mizoga isioze. Kona ile ilikuwa ukingoni mwa ziwa, hewa ilifika. Penye miguu palikuwa katikati, walipochimba majirani.

Mwalimu wangu amesema tufunge utafiti. Mwambie baba aendelee na matofali yake. Mwambie pia asante.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Miguu yote miwili haijambo, leo sina pa kulalamikia.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaikalia. Baba yako hajafyatua tofali tangu siku ile ya majembe. Vijana wake wa kazi wamekwenda kwa wengine. Anashinda shimoni na kisu changu cha jikoni, anabandua udongo wa ile kona jani kwa jani. Amenunua miwani! Jana aliniita kwa kelele, "Njoo, huyu ana mguu!" Nikaangalia, ni kizizi cha nyasi. Nikamwambia. Akanuna mpaka chakula kikapoa.

Kila jioni ananiuliza kama umeandika. Nimesema bado.

Wewe unanijua, habari ya mtu haijawahi kulala kwangu. Ya muuza mabati nimeifikisha kwa mkewe, naye kazimia. Hii yako siipeleki. Panda basi uje umwambie mwenyewe, akiwa humo humo shimoni.

Na ukimkuta, usianze na kamba. Anza na shikamoo.

Shangazi yako