Huyo Si Kitu, Ulivyokuwa Ukisema

Mpendwa Baba Nassoro,

Mchana wa leo nilisinzia dirishani, kwenye jua hili jembamba la baridi linalofika ghorofa ya tisa kwa saa moja tu, ukanijia. Ulikuwa umeshika njumu za Nassoro, unabandua udongo kwa msumari taratibu, kama mtu asiye na safari. Nilipozinduka viganja vyangu vilikuwa wazi, tayari kuzipokea. Nikaona nikuandikie, maana kuna jambo nimelifanya na sitaki ulisikie kwa wengine.

Unakumbuka karakana yako ya viatu kule mtaa wa Doornfontein, huku ugenini, hatua chache kutoka chuoni kwa mwanetu? Kila baada ya mechi ya raga hapakukalika. Papa Kasongo, fundi cherehani wa Lubumbashi, alikuja na stuli yake. Otieno, mlinzi wa jengo letu, alikuja na maneno yake, kwa kuwa Wakenya huiona raga ni mali ya babu yao. Mimi nilileta birika la chai ya tangawizi, kisha nikajisahaulisha kuondoka. Mada ilikuwa moja: namba kumi wa chuo, yule anayeamua mpira upigwe mbali, upasiwe, au aukimbize mwenyewe. Namba kumi huyo alikuwa Nassoro wetu.

Otieno alisema kijana anaiona nafasi kabla haijafunguka. Papa Kasongo alikubali macho anayo, ila kifua hana. Akiona jitu linamjia, anaupiga mpira mapema autue mzigo. Walibishana juu ya mguu wa kushoto, wakabishana juu ya pasi ndefu, chai ikapoa. Mwisho waligeuka kukutazama wewe, mzazi. Nawe hukuinua uso kutoka kwenye soli uliyokuwa ukiishona.

"Huyo? Huyo si kitu."

Papa Kasongo alicheka hadi akashika ukuta. "Papa Nassoro, ule mtoto ni wa kwako kweli?"

Mimi nilijua. Walipoondoka ulinisimulia pasi ileile mara tatu, brashi ya viatu ikiwa ndiyo mpira, na kila mara ulimaliza kwa Mashallah ya chini chini. Kwetu Tanga mtoto akipendeza huitwa mbaya, kijicho kipite kando. Siku tuliyomtoa hospitali akiwa mchanga ulimpaka wanja kwenye paji la uso, doa kubwa la kumharibu sura, halafu ukakaa ukimtazama mpaka magharibi. Sikuwahi kukuona umependa kitu namna ile.

Ulipotuacha ukatangulia mbele ya haki, Nassoro alicheza mechi mbili, kisha akaacha. Kocha alipiga simu. Otieno alipanda ngazi zote, lifti ikiwa mbovu, akambembeleza. Hakurudi uwanjani. Wiki iliyopita nikamkuta anaitia jezi kwenye mfuko wa plastiki, anataka kuirudisha chuoni. Nikamuuliza kulikoni. Alinijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba siku moja alikufuata karakanani akasimama mlangoni, akasikia. Kisha akanitajia alichosikia, kwa Kiswahili: "Huyo si kitu." Aliyatamka sawasawa, lafudhi yako imo ndani. Baba Nassoro, miaka ishirini namsihi mtoto aseme lugha yetu, na siku alipoisema nilitamani nisingemfundisha hata neno.

Nilikukasirikia, sikufichi. Nikajikasirikia na mimi. Tulimlea kwa nusu ya lugha, tukategemea aelewe na ile nusu iliyofichwa. Nikamwambia ulikuwa ukimkinga. Akauliza, na nini? Nikasema na jicho. Kwa Kiingereza changu cha sokoni, kijicho kiligeuka maradhi ya macho. Hakucheka. Aliuliza mbona hukumwambia lolote jema hata mkiwa wawili tu. Nikamwomba acheze mara moja, mimi nikiwapo. Akakubali kwa sababu hajawahi kuninyima kitu.

Basi Jumamosi nilikwenda uwanjani, upande wa Kensington, mara ya kwanza maishani mwangu. Nyasi zilikuwa za kahawia, moshi umetanda mbali, na watu walikimbia kama wanaoelea. Otieno alikuwa kulia kwangu anasifu, Papa Kasongo kushoto anakosoa, nikahisi nafasi yako imebaki katikati yao. Mpira wa kwanza Nassoro aliuangusha. Wa pili jitu lilimjia, naye hakuupiga mapema. Alingoja, akapigwa kumbo, na akiwa anaanguka akautoa kwa mkono wa kushoto kwa mwenzake aliyekuwa peke yake.

Mama mmoja aliyejifunga blanketi akaniuliza kama namjua yule namba kumi. Otieno na Papa Kasongo wakanigeukia. Walijua jibu la nyumba yetu, na ulimi wangu ulikuwa tayari umelishika. Nassoro alikuwa amekuja kuuokota mpira pembeni, hatua kumi kutoka kwetu. Nikasimama, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara:

"Huyo ni mwanangu. Ni mzuri. Baba yake alimwona mzuri kuliko wote."

Ndilo hilo nililolifanya. Nimemsifu mbele za watu, bila wanja, bila Mashallah, na kijicho kikitaka mtu kinitafute mimi. Nisamehe, mume wangu. Ila Nassoro aligeuka, mpira kifuani, akasimama akinitazama huku refa akipuliza filimbi, akingoja nirudie.

Nikarudia.

Udongo ukukalie mwepesi,

Mkeo, Mama Nassoro