Kioo cha Jaffar

Jumatano, 1 Agosti 1962
Meli imetia nanga Kilindini — na mume wangu Jaffar hayumo! Stambuli, mwenziwe wa jikoni melini, amekuja hapa Bofu na kasha la mbao. Kioo! Cha Italia. Si kipya, chatoka nyumba ya tajiri: juu kipana, chini chembamba, ukingo wa shaba, nyuma karatasi yenye jina la fundi wa Milano. Jaffar alikinunua Jenova, akaagiza nikitundike ukumbini nijione mzima. Na mwenyewe yuko wapi? Eti ameshushwa Aden, homa, yuko hospitali. "Wallahi shemeji, hajambo." Nimegeuka kujitazama — nikamwona Stambuli kiooni, nyuma yangu, anapangusa macho kwa kofia.

Ijumaa, 3 Agosti
Nimevuka feri hadi ofisi ya meli. Karani Odhiambo, mtu mpole, amefungua faili mara mbili. Hakuna cha hospitali. Jaffar alikosekana asubuhi ya tarehe 15 Julai, baina ya Suez na Aden. Hakuna aliyeona, hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Amekosekana! Kama kijiko! Kurudi sikumbuki nilirudije.

Jumapili, 5 Agosti
Mama, mamake Jaffar, kaja na shuka nyeupe. Nyumba ya msiba hufunikwa vioo, anasema, na mjane hajitazami hadi atoke eda. Nimesimama mbele ya kioo nikatandaza mikono. Msiba gani? Maiti iko wapi? Nikikifunika, nimemzika mume wangu kwa mkono wangu. Mama kaketi sakafuni akalia. Alikuwa mwanawe kabla hajawa mume wangu, ndivyo alivyosema. Kweli. Lakini ameondoka na shuka yake kwapani.

Jumatano, 8 Agosti
Mwalimu Jumaa wa msikitini asema bila maiti wala shahidi siwezi kukaa eda. Nimngoje kadhi — huenda miaka. Basi si mke, si mjane. Nimefurahi! Halafu nikajitazama. Nimekonda, macho mekundu, na wanja nimepaka. Kwa ajili ya nani? Nakichukia kioo hiki. Nakifuta kila siku. Nimechoka, ya Rabi, nimechoka.

Ijumaa, 10 Agosti
Baada ya swala ya Ijumaa, hodi. Stambuli, na Mwalimu Jumaa nyuma yake. Mama alikuwa kwangu. Nimewapa kahawa, Stambuli hakuigusa. Aliapa uongo hapa ukumbini, anasema, na tangu siku hiyo chakula hakimshuki. Mama kamuuliza taratibu: uliona nini, baba? Akainua macho yakakutana na kioo. Akayateremsha.

Nikamwambia sema.

"Shemeji," akasema, "funikeni kioo kwanza."

Mama leo hakuja na shuka. Nimeingia chumbani kutafuta leso ya kukifunikia. Sanduku liko wazi, nimeketi juu ya kitanda na daftari hili. Leso zote za rangi, zote alininunulia yeye. Mama ananiita, mara ya pili sasa. Bado sijachagua.