Kopo la Biskuti za Noeli

Gisenyi, tarehe 23 Desemba

Mupendwa yaya Kampire, dada yangu mukubwa,

Huku tuko wazima. Nimeoka biskuti za Noeli, zile zako za chokoleti nyeupe. Tanuri hatuna, donc nilitumia sufuria na makaa juu ya kifuniko, vile ulinifundisha. Chokoleti niliiweka karibu sana na moto, ikashikana mabonge. Punje za sukari za rangi Mama alinyunyiza juu mwenyewe, nyingi kabisa. Anasema we unapenda hivyo.

Bon. Simu yako haipatikani tangu Jumapili, tangu tulisikia risasi upande wenu wa Goma. Mama nilimuambia chaji imekuishia. Hajauliza tena, lakini pikipiki ikisimama mulangoni, anaacha kila kitu anatoka.

Abdu, fundi cherehani jirani yetu, anavuka mupaka leo. Nimemupa kopo akuletee. Najua kwetu haturudishi chombo kitupu, na we utamuchelewesha ukitafuta cha kutia ndani. Yaya, safari hii usitafute kitu. Kula mbele yake, halafu umupe kopo hivyo hivyo, na makombo ndani. Mama anataka kuyaona.

Mudogo wako,
Claudette