Geti Ambalo Mama Hakulifunga

Baba,

Ejok, nakusalimu. Huko uliko sijui kama kampeni zinasikika. Kama zinasikika basi umeshajua, na mimi najisumbua bure. Nagombea kiti chako. Mimi Akuwam, mwalimu wa chekechea, niliyekuwa nikijificha chooni ukija shuleni kwetu na msafara wako, sasa nasimama juu ya gari na kupungia watu mkono. Kwenye mabango picha yako ni kubwa, yangu ni ndogo, na chini yake wameandika "Tumfute Mtoto Machozi". Mtoto mwenyewe ana miaka ishirini na sita.

Nakuandikia kwa sababu kesho ni mkutano wa mwisho, pale Kakuma, na nitasema jambo litakalokuvunjia heshima mbele ya watu wako. Nimeona ni adabu ulisikie kwangu kwanza. Lakini kabla ya hilo nina aibu yangu mwenyewe, na hiyo siwezi kuiruka.

Tangu tukuzike mambo yamekwenda mbio. Udongo ulikuwa haujashika vizuri juu yako wakati Baba Mdogo Ekai alipokuja nyumbani Lodwar na kijana mmoja wa chama. Desturi ya siasa zetu unaijua kuliko mimi: mheshimiwa akifa, mjane anaachiwa kiti, watu wanampa kura za huruma. Sasa mjane wako yuko rumande kwa kukutilia sumu kwenye chai. Wakakaa wakinywa chai yangu, nayo waliinywa kwa woga, kisha nikaona Ekai ananitazama kama mtu anayemtazama mbuzi sokoni.

Ekai huyu huyu, Baba. Yeye aliyekuwa akisema mbele yangu kwamba mtoto wa Mama si wa ukoo wenu, kwa kuwa hujawahi kumchinjia ng'ombe dume wa harusi, na kwa mila mwanamke asiyechinjiwa watoto wake ni wa baba yake. Siku hiyo alinishika bega akasema, "Huyu ni damu yetu kabisa." Moyoni nilicheka. Lakini nilikubali, na sitakudanganya kwamba nilikubali kwa ajili ya wananchi na visima vyao. Nilipenda kuitwa damu yenu. Nilikuwa nimeingoja hiyo tangu utotoni.

Mkutano wa kwanza ulikuwa Kalobeyei. Nilieleza mambo kama yalivyokuwa: ulikunywa chai asubuhi, ukaanguka, tukakupeleka hospitali, ukafa, Mama akakamatwa. Watu walisikiliza huku wakifukuza nzi. Nilipomaliza, mzee mmoja aliuliza habari ya mahindi ya msaada. Garini Ekai alinuna. "Unasomesha watu. Hawa si nasari. Watu iko na huruma, lakini lazima uwaguse." Na yule kijana wa chama, macho kwenye simu: "Madam, hiyo story haibambi."

Mkutano wa pili, sokoni Kakuma, nilifika kwenye sehemu ile ile ya kuanguka kwako nikaona wanaanza tena kuangalia pembeni. Hapo ulimi wangu ukateleza. Hapana, haukuteleza, niliupeleka mwenyewe. Nilisema, "Baba yangu alipokuwa akigaagaa chini, mama yangu alikwenda akafunga geti, akaweka ufunguo kifuani."

Baba, ungeona. Wanawake walishika vichwa. Mwanamke mmoja alivua shanga zake shingoni akaja kunivisha mimi, huku akilia. Ekai akanyakua maikrofoni akapiga kelele, "Kikulacho!" na soko zima likajibu, "Ki nguoni mwako!" Tangu siku hiyo hakuna mkutano ulionipita bila kulifunga geti lile. Mara lina kufuli moja, mara lina mawili. Mahali pengine nilisema nililipanda. Na wewe unalijua geti letu la Lodwar: halijafungika tangu lori la maji ligonge nguzo, na ulikuwa ukisema kila mwezi kwamba utaita fundi.

Nilijisikia vizuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Nikishuka jukwaani mwili wote ulikuwa unanisisimka. Nikilala nilikuwa natafuta neno la kuongeza kesho yake.

Sasa ngoja niseme lililotokea, kwa sababu wewe ulikuwepo na hakuna mwingine wa kunisahihisha.

Ulikuwa umevaa shati la bluu la kusafiria. Ulikunywa kikombe chako ukiwa umesimama, kama kawaida yako, ukatoka kwenda kwenye gari. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nafua barazani. Ulishika mlango wa gari, ukainama, nikadhani umeangusha ufunguo. Kisha ukapiga magoti, povu likaanza kukutoka. Kabla sijanyanyuka Mama alikuwa ametoka jikoni. Alisimama akakutazama kidogo tu. Halafu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu, akaja mbio, akachuchumaa, akakuvuta mikono mabegani mwake, akakubeba mgongoni. Wewe, mtu mzima wa kilo zako! Alikubeba mpaka mlango wa nyuma wa gari, miguu yako ikiburuta, kiatu kimoja kikabaki uani. Dereva alikuwa hajafika. Mama aliendesha mwenyewe, gia zikilia, na pale geti lilipo alipita bila kupunguza mwendo.

Kichwa chako kilikuwa mapajani mwangu. Yeye, bila kugeuka, alisema kwa Kiturkana, "Ni mimi. Nimekutilia dawa ya kuogeshea mbuzi." Nikajua umesikia, kwa sababu ulifumba macho. Kisha ulisema, taratibu sana, "Hii maneno ibaki nyumbani."

Hilo ndilo neno lako la mwisho duniani, na mtu wa kwanza kulikataa alikuwa Mama. Tulipofika hospitali alimshika daktari koti akamwambia mbele ya wagonjwa wote, "Nimempa dawa ya mbuzi huyu. Ni hiyo. Fanya haraka." Hakungoja kuulizwa. Walijaribu walivyoweza. Polisi walipokuja walimkuta ameketi sakafuni nje ya mlango wako, na kiganja chake kimechubuka kwa usukani.

Mtu wa pili kulikataa neno lako ni mimi. Yeye alilitoa nje akitaka upone. Mimi nililitoa nje kwa kura, tena nikaliongezea kufuli.

Rumande nilikwenda mara moja tu, baada ya mkutano ule wa Kakuma. Nilimpelekea sabuni na sukari. Askari wana redio pale, na redio ilikuwa imenirusha neno kwa neno. Nilikaa mbele yake nikingoja anitukane, na ningeshukuru. Unamkumbuka jinsi ulivyokuwa ukifanya mazoezi ya hotuba jikoni, yeye anasonga ugali, halafu unamuuliza, "Wapi wataniona mwongo?" naye anakuonyesha mahali kwa mwiko? Ni vivyo hivyo. Alinitazama juu mpaka chini, akasema, "Hiyo ya geti ni nzuri. Lakini unalia mapema. Machozi ngoja mwisho, watu waende nayo nyumbani."

Baba, nilifuata ushauri wake. Mkutano uliofuata nililia mwishoni, na watu walikwenda nayo nyumbani.

Nilimuuliza kwa nini ananisaidia kumchafua. Akasema, "Mimi nitakaa hapa hata ukisema nini. Wewe chukua kiti. Isiwe tumekosa yote." Kisha akauliza kama nimetoa nguo zako kwenye kamba siku ile, maana upepo wa Lodwar huzirarua. Nikasema nimetoa. Nilitamani anikumbatie. Nina aibu kukuandikia hili, lakini usiku ninapoamka siku hizi, mtu ninayemtaka ni yeye. Wewe nakulilia mchana, mbele za watu. Yeye namlilia peke yangu.

Mpelelezi alinipigia simu kuhusu geti. Nilikwenda kuandikisha taarifa, na kwake nilisema ukweli wote, wa mgongo na wa gari. Aliniuliza, "Kwa nini jukwaani unasema vingine?" Nikajibu, "Nataka kura." Alinitazama, akafunga kalamu. Nilitoka pale nikijipongeza, nikiamini yameisha. Polisi wana ukweli wao, wapiga kura wana geti lao, nani ameumia?

Bibi ameumia. Mama yake Mama, yule uliyekuwa ukimletea tumbaku kila ukipita Kakuma. Juzi nilimkuta kwake, mitungi yake mitatu mitupu mlangoni. Wanawake wamemkatalia bombani. Wamemwambia, "Wewe ulizaa mwenye kufunga geti, nenda ukachote kwa mwanao." Sasa anatembea mpaka lagani, kwenye mto mkavu, kufukua maji mchangani, kwa magoti yale. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, "Akuwam, kweli alifunga?" Nilichukua mitungi nikaenda bombani mwenyewe, na wale wanawake waliponiona wakanipisha, wakanijazia, wakanipangusa jasho. Mmoja wao ndiye yule wa shanga.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha wa nyumba hii nimebaki mimi. Nimejaribu kutafuta namna ya kusema "hakufunga" kisha ninyamaze. Haiwezekani. Nikisema alikubeba, watu wataniuliza: kama alikupenda hivyo, kwa nini alikutilia sumu? Hapo ndipo nitakapokugusa wewe, Baba.

Nitawaambia habari ya ng'ombe. Nitawaambia kwamba ulikaa na Mama zaidi ya miaka ishirini bila kumchinjia, na kila kampeni ulimwambia, "Tukishinda hii, nakuoa rasmi." Tulishinda mara mbili. Alikuitia akina mama kikundi kwa kikundi, alipika sufuria za mikutano, alikuonyesha kwa mwiko mahali pa uongo, akangoja. Kisha akasikia kwa watu kwamba ng'ombe dume amekwisha chaguliwa, mwekundu wa pembe pana, na atachinjwa Kakuma kwa ajili ya msichana niliyesoma naye darasa moja. Hukumwambia mwenyewe. Siku uliyoanguka ulikuwa unakwenda huko.

Sisemi ulistahili. Mtu hauawi kwa sababu ya ng'ombe. Nilikuona ukifa na sitamsamehe Mama kwa urahisi, nimemwambia hivyo na yeye ameitikia. Lakini watu wa Kakuma wanajua ng'ombe yule ni nini. Wanawake wa bombani, nusu yao hawajachinjiwa. Nikisema hilo watanyamaza, nami nitakuwa nimekuvua nguo mbele yao, mheshimiwa wao, wewe uliyekuwa hutoki nje bila kupiga shati pasi.

Ekai nimemwambia leo mchana. Alisema nimerogwa. Halafu akasema, "Ukifungua hiyo mdomo, wewe si wetu tena. Rudi kwa babu yako." Unaona jinsi damu inavyokauka haraka. Nilidhani nitalia, kwa kuwa nilikuwa nimeitaka sana. Nilijikuta namwuliza kama maikrofoni itakuwa na betri mpya.

Basi, Baba, nakuomba radhi kwa mambo mawili. Kwanza kwa geti, ambalo nilikufungia ndani mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikakufanya ufe vibaya zaidi ya ulivyokufa. Pili kwa hili la kesho. Ulitaka maneno yabaki nyumbani. Nyumba yenyewe imetawanyika: mmoja kaburini, mmoja rumande, mmoja anafukua mchanga lagani, na mimi napiga kelele juu ya gari. Sijui tungeyaweka wapi.

Nakuahidi sitakuongezea wala kukupunguzia. Nitasema visima ulivyochimba. Nitasema ulivyokuwa ukinibebea matunda ya mkoma mifukoni kutoka safarini mpaka shati zako zote zikatoboka. Nitasema Mama alikuua, kwa sababu alikuua. Nitasema alikubeba. Sitalia mapema wala mwishoni, nikiweza.

Watanizomea, nadhani. Nikishuka pale nitakwenda kwanza bombani na mitungi ya Bibi, nipange foleni nyuma ya watu wote, nione kama nitapewa. Kisha nitarudi Lodwar, niende rumande, nimwambie Mama nimepoteza kiti. Atakasirika sana. Atanionyesha kila mahali nilipokosea, na mimi nitakaa nimsikilize mpaka muda wa wageni uishe.

Kwaheri, Baba. Pumzika, hata kama kesho nitakusumbua.

Binti yako,
Akuwam